Kisu cha Mashoto

12 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Sindano hamjambo, na kwamba mguu umeacha kukusumbua asubuhi. Mimi ni mzima na jiko linakwenda. Watu wa kiwanda cha viatu bado wanamiminika mchana na njaa zao, wanakula, wanasifu, wanarudi kazini.

Visu vitatu hivi nimevifunga pamoja na barua kama kawaida, uninolee. Dereva wa basi ameapa kwamba atavitunza chini ya kiti chake mwenyewe. Nimemwambia sawa, ila asije akasahau akavikalia.

Sasa nina swali, na usinicheke. Mtaa wa pili wamefungua duka la vyombo lenye dirisha kubwa la kioo, na katika dirisha zima kuna kisu kimoja tu, kimelazwa juu ya kitambaa cheusi. Nimekipitia mara nne wiki hii. Jana nikaingia. Muuzaji akachukua nyanya, akakiweka kile kisu juu yake, hakusukuma, na nyanya ikafunguka yenyewe polepole. Nilitoka pale kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi, na mpaka sasa naiona ile nyanya.

Bei yake ningenunua visu vyangu vya kawaida ishirini na chenji ikabaki. Lakini anasema makali yake yanakaa mwaka mzima na hakitaki nguvu za mkono. Nimechoka kusukuma, Baba. Ninunue?

Binti yako,
Kijiko

19 Februari

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Mguu upo palepale, tumeshazoeana. Sindano alitaka tukupigie simu nikujibu kwa mdomo, lakini unajua jiwe la kunolea limeshanila masikio. Ningekuwa napayuka tu na wewe unapayuka upande wa pili, majirani wafaidi.

Nakujibu: usinunue. Kisu cha bei kubwa ni mgeni wa heshima, unamkalisha sebuleni na hakuna anayethubutu kumtuma dukani. Utakifungia kabatini. Utakataa mtu mwingine asikiguse. Siku kikianguka sakafuni kitameguka, maana chuma kigumu hakina msamaha, na utalia kama umefiwa. Kisu cha kawaida kikianguka unakiokota, unakitukana kidogo, mnaendelea. Kinapoteza makali, ndiyo, lakini mimi nipo. Dakika tano juu ya jiwe na kimekuwa kipya. Umepika miaka tisa na visu vya bei rahisi, na sijasikia mtu wa kiwandani amelala njaa.

Vyako vitatu nimevinoa jana mchana. Mvua ilikuwa nyepesi, karakana imetulia. Maji yakidondoka kwenye jiwe na ule uji wa kijivu ukianza kutoka chini ya chuma, mimi huingia jikoni kwako bila kubisha hodi. Kile kidogo kina alama ya kufungulia kopo, na nilishakukataza. Kipana kimekata mifupa. Naona ubao wako, naona mvuke umepanda dirishani, nakuona umekunja mikono ya gauni. Nakaa humo mpaka maji yakauke.

Lakini safari hii nimekuta jambo. Ninavyokufahamu, makali ya kisu chako kirefu yakichoka hulalia upande mmoja, uleule, miaka yote tisa. Nikipitisha kidole gumba nakujua hata nikifumba macho. Safari hii yamelalia upande wa pili. Huyo aliyekata siye wewe. Huyo ni mtu wa mkono wa kushoto.

Nani yumo jikoni kwako, mwanangu?

Baba,
Mnoaji

22 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Isome hii ukiwa kwenye cherehani yako, kisha uichome. Baba asiione.

Mwezi uliopita sufuria la mafuta ya moto lilinipindukia. Ngozi ya mkono wa kulia imepona, inang'aa tu kama nailoni, lakini vidole vitatu vya mwisho havikunji. Muuguzi anavivuta kila Jumatatu. Anasema huenda vikarudi mwaka huu, huenda visirudi kabisa. Kalamu naibana kwa gumba na shahada, ndiyo maana mwandiko haujanisaliti. Kisu kinataka kiganja kizima. Kwa hiyo nakata kwa kushoto, Sindano. Nakata kama mtoto anayejifunza kuandika.

Na yule mzee amenishika. Hajaona kidonda, hajasikia neno, ameshika chuma tu na kidole chake kikamwambia.

Akijua atakuja. Unakumbuka maneno yake siku ninaondoka: siku kisu kikikushinda, nitakuja kukuchukua na sitakuuliza. Hakuwa anatania. Tangu Mama alipoanguka katika lile jiko la hoteli na sisi tukapata habari siku ya tatu, Baba hana utani na jambo hilo. Lakini hapa nina meza sita. Nina madirisha mawili yanayopata jua asubuhi, na kibao juu ya mlango nilichokichora kwa mkono wangu. Nikirudi huko mara moja, basi, sitatoka tena. Nitazeekea kwenye kile chumba cha nyuma nikimenya viazi vya watu watatu.

Kwa hiyo kesho namwandikia kwamba yupo mwanaume. Usiniangushe.

Dada yako,
Kijiko

23 Februari

Baba,

Shikamoo. Umenikamata, sina pa kujificha.

Ndiyo, yupo mtu jikoni, na anatumia mkono wa kushoto. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi. Tumefahamiana tangu utotoni, ila sikuwahi kumtazama sawasawa. Alikuwa yupo tu pembeni, akishika hiki na kile huku mwingine akifanya kazi na kusifiwa.

Si mwongeaji. Mwanzoni hata kiazi hakuweza kumenya, nikawa napandwa na hasira, na yeye anatetemeka. Sasa anakata kabichi. Upande mmoja nyembamba, upande mwingine nene, watu wanakula hivyohivyo. Asubuhi anaamka mzito, inabidi nimkande kwa maji ya moto. Ni mvumilivu kuliko mimi. Ukiniuliza kama nampenda nitakwambia bado, lakini bila yeye jiko hili lingeshafungwa.

Usiniulize mengi kwa sasa. Visu vimefika salama, dereva hakuvikalia.

Kijiko

3 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaenda kwa Sindano akanisomea mara ya nne ili nihakikishe kwamba macho hayajafuata masikio. Binti mtu mzima, umekaa kimya muda wote huu huku unamkanda mtu kwa maji ya moto! Kazi ipo.

Sina neno. Tangu mama yako aondoke nimekuwa nikikuogopea upweke wa huko kuliko moto na visu. Mchana nilisinzia kwenye kiti cha karakana nikawaona. Mmesimama ubao mmoja, wewe kulia kwake, yeye kushoto kwako. Mtu wa kulia na mtu wa mashoto wakikaa hivyo hawagongani viwiko. Mlikuwa mnakata kitu kirefu cha kijani ambacho hakiishi, na hakuna aliyekuwa na haraka. Uso wake sikuuona. Niliamka nikakuta maji yamejaa ndoo mpaka yanamwagika na bado natabasamu.

Ndugu zake ni akina nani? Anakula vizuri? Mimi nimeshampa jina, namwita Mashoto. Akiona vibaya aje mwenyewe tuzungumze.

Baba

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mashoto ameusikia ujumbe wako na hakuona vibaya. Ndugu yake ni mmoja tu, anaumwa, na kwa sasa hawezi kazi. Anakula ninachokula mimi.

Sijui nikueleze vipi, lakini tangu umpe jina amekuwa mtu zaidi. Watu wa kiwandani wakishaondoka, nikifagia, nimejikuta natoa viti viwili kwenye meza ya dirishani. Jua linaingia, sufuria zinakauka, nakaa kimya naye. Nakumbuka mambo ya zamani mno, hata yale mashimo niliyokuwa nachimba uani kwa kijiko mpaka mkaniita hivyo. Najiuliza siku zile nilichimba kwa mkono gani.

Nimekutii, sikununua kile kisu cha dirishani. Nilinunua cha kawaida sokoni, chenye mpini wa kijani. Kinamsumbua Mashoto. Siku ya tatu tu kishakuwa butu, na yeye hana nguvu za kukisukuma, anachoka kabla kitunguu hakijaisha. Lakini ulisema vya bei rahisi vinanitosha, kwa hiyo vinanitosha.

Kijiko

28 Machi

Dada,

Umejipalia makaa, na mimi umenivuta humohumo.

Baba ameuza redio. Nilipomuuliza akasema haimsemeshi tena siku hizi. Juzi akavaa shati la sikukuu, akaenda mjini, akarudi na kisanduku chembamba amekikumbatia kifuani kama mtoto aliyezaliwa. Ni kisu, dada. Cha zile bei ulizoandika. Cha mkwe wake, anasema. Nilimuuliza na ile hotuba ya mgeni wa heshima imekwenda wapi, akajifanya hajasikia, na safari hii nina hakika alisikia.

Sasa amegeuza karakana kuwa kitu sijui niite nini. Visu vya wateja vimerundikana kwenye beseni. Anakinoa hicho kimoja tangu asubuhi, anasimama, anakitazama kwenye mwanga wa mlango, anakirudisha kwenye maji. Anaimba. Mimi tangu mama afe sijawahi kumsikia akiimba, na huwezi kuamini anavyokosea sauti.

Nimekaa na siri yako kooni kama mfupa. Kila akipita ananiuliza: unadhani kijana atakipenda? Mwambie wewe, dada. Mimi nikifungua mdomo nitalia kwanza.

Sindano

2 Aprili

Kijiko mwanangu,

Ndani ya kisanduku kuna kisu na karatasi nyingine. Karatasi si yako, mpe mwenyewe.

Baba

*

Kwa Mashoto,

Salamu nyingi. Mimi ni baba yake. Hatujaonana, lakini nimeshika makali uliyoyachosha, kwa hiyo nakufahamu kidogo. Unaegemea kisu mno kwenye ncha. Unaogopa kukata haraka. Usione haya, ni dalili ya mtu anayejifunza kwa moyo.

Kisu hiki kilitengenezwa kwa watu wa kulia. Upande mmoja umenolewa mteremko, wa pili ni bapa tupu, na ukikishika kwa kushoto kinakuvuta pembeni, hata kiwe cha bei gani. Kwa hiyo nimekigeuza. Ule mteremko nimeula wote kwa jiwe na kuutengeneza upya upande wako. Imenichukua siku sita kwa sababu chuma ni kigumu na mimi sina haraka siku hizi. Usikiloweke kwenye maji. Usikate mfupa. Usikifungie kabatini, hapana, kitumie kila siku mpaka kikuzoee.

Huenda ukajiuliza kwa nini nakupa wewe na si yeye. Yeye ana mkono wa mama yake. Mpe kipande cha bati atakukatia kitunguu chembamba mpaka uone upande wa pili. Yeye hahitaji kisu. Wewe ndiye unayehitaji.

Mtunze. Akichoka, mwambie akae.

Baba mkwe

10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujaendelea, na Sindano awe karibu.

Hakuna Mashoto. Nimekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na naomba unisamehe. Januari mafuta ya moto yaliniunguza mkono wa kulia, na vidole vitatu havikunji tena. Yule uliyemsoma kwenye makali ni mkono wangu wa kushoto. Tumefahamiana tangu utotoni, na ndugu yake anaumwa. Kila nilichokuandikia ni kweli, isipokuwa kwamba si mtu.

Nilisoma barua uliyomwandikia, na nataka ujue kwamba iliniuma kabla haijanipoza. Miaka tisa, Baba! Miaka tisa mimi mwanao umeniambia vya bei rahisi vinatosha. Niliomba kisu ukanipa hotuba. Akatokea mwanaume asiyekuwepo, hujamwona hata kivuli, ukauza redio kwa ajili yake. Nililia kwa wivu, na ninayemwonea wivu ni mkono wangu mwenyewe. Hebu niambie kama kuna mpumbavu mwingine wa namna hii mtaani kwenu.

Halafu nikakishika. Kilikaa. Nikaweka kabichi ubaoni, nikakishusha, na kabichi ikaachana vipande viwili bila kelele. Nikaendelea kukata. Nyembamba, sawasawa, mpaka mwisho, mara ya kwanza tangu Januari. Nilikata kabichi tatu ambazo hakuna mtu aliyeziagiza. Jiko zima lilikuwa kimya, mvuke umesimama, na nilihisi mtu amenishika kiwiko kwa nyuma ananiongoza.

Nakuomba usije kunichukua. Najua ulichoniambia, na najua ni kwa sababu ya Mama. Lakini kisu hakijanishinda. Kilitaka kunishinda, basi. Nikitoka katika jiko hili nitabaki na mkono mmoja mgonjwa na mwingine usio na kazi. Niache hapa, Baba. Nakuomba.

Binti yako,
Kijiko

19 Aprili

Dada,

Nakuandikia haraka, dereva ananipigia honi.

Baba hayupo. Nilimsomea barua yako Jumamosi. Aliingia karakana akafunga mlango, na siku nne nilikuwa namwekea chakula kizingitini. Jana asubuhi nimekuta kufuli. Muuza magazeti anasema alimwona kituoni, amepanda basi la kuja kwenu.

Kama ameshafika, usibishane naye mbele za watu. Mpe chai kwanza.

Sindano

24 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Sindano anasema mmeulizana na kuulizana, na kwamba wewe huulizi tena kama nimefika bali kama niko hai. Niko hai. Nisamehe kwa kuwatia hofu. Nilikuja.

Mkabala na jiko lako kuna kinyozi mwenye benchi nje. Nilikaa pale kuanzia unafungua madirisha mpaka watu wa kiwanda waliporudi kazini. Ili nisifukuzwe nilinyoa ndevu. Saa mbili baadaye alianza kunitazama vibaya, nikanyoa na kichwa. Ndiyo maana ulipotoka kumwaga maji na kutazama ng'ambo, ulimwona mzee mwenye kipara na hukumjua.

Nilikuwa nimekuja kukuchukua. Sikudanganyi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yote yalikuwa makali. Nilimwona mama yako katika kila jiko tulilolipita.

Halafu ukasimama kwenye ubao, mlango uko wazi, na nikakuona unakata. Kwa kushoto. Polepole, kweli, na ulipochoka ulisimama, ukaushika mkono mmoja kwa mwingine, midomo yako ikatikisika kama unauambia kitu. Sufuria kubwa lilipotaka kushushwa hukuligusa, uliita, na wanaume wawili wa kiwandani wakaacha sahani zao wakaja kukushushia, kisha mmoja akakutania na wewe ukacheka ukimtishia kwa mwiko. Mama yako katika lile jiko hakuwa na mtu wa kumwita. Hilo sikulijua kwako, na visu havikuniambia. Nilidhani vinaniambia kila kitu.

Ningevuka barabara, ungekiweka kisu chini ili uje kunishika magoti, na ningekiona kimelala. Sikutaka kukiona kimelala. Nikamlipa kinyozi.

Sasa kuhusu visu vya bei rahisi, kwa sababu umeniuliza na una haki. Muuzaji wako wa dirishani alisema kweli. Chuma kizuri kinakaa na makali mwaka mzima. Vile vyako vinakaa wiki tatu. Kila wiki tatu dereva alinigongea mlango, na ndani ya mfuko ulikuwemo wewe. Nilipiga hesabu siku ile uliyoandika habari ya nyanya: ukikinunua, nitakupata mara moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo sababu, mwanangu. Ile ya mgeni wa heshima, na ya chuma kukosa msamaha, nilizitunga nikinywa chai. Nilikuachia mikono ichoke ili mimi nisikae na karakana tupu. Aibu hiyo ni yangu na nimeibeba mpaka nyumbani.

Kwa Mashoto nilinunua kile kizuri bila kuwaza. Nilidhani ukishakuwa na mtu humo ndani, barua zitapungua hata hivyo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nitakuja tena, na safari hii nitavuka barabara. Nitakaa kwenye ile meza ya dirishani, nitakula unachopika, nitalipa kama watu wengine. Sitazungumzia kurudi. Nilikuwa nimekuja na begi kubwa la kubebea vitu vyako, nikarudi nalo tupu kwenye basi, abiria wakawa wanalikanyaga. Nimempa Sindano. Anatia humo vipande vyake vya vitambaa.

Baba yako